Kikao cha Jumamosi, someni hii kwanza

Wanachama hamjambo, kabla tukutane kuzungumzia pesa ya chama tuiwekeze wapi, nawaomba mkumbuke ile foleni ya hisa za Safaricom 2008, hisa moja shilingi 5, watu mpaka walikopa benki wanunue, halafu bei ikashuka chini ya hiyo 5 wengi wakashikwa na uoga wakauza kwa hasara. Na M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, ilikuwa imeanza 2007 tu, mama mboga akaanza kulipwa kwa simu, kufikia 2021 hisa hiyohiyo ilikuwa imepita shilingi 40! Biashara ilikuwa inakua, ni subira ilikosekana. Kwa hivyo pesa ya chama tusiirushe mahali kwa sababu tu ya skrinshoti mtu ametumiwa, kila mmoja aje na kampuni moja ambayo anaelewa vile inapata pesa. Saa nane kamili, mweka hazina beba kile kitabu cheusi tafadhali.