Picha hizi vijana wanazichora wenyewe

Mhariri, salaam kutoka Kigoma.

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma. Nina stesheneri hapa Mwanga, jioni shule zikitoka wanakuja vijana wa sekondari, wengine wanaprinti, wengine wanakaa kwenye kompyuta kuchora kwa p5.js, hii ni programu ya bure, unaifungua kwenye brauza tu, unaandika amri upande mmoja na picha inatokea upande wa pili. Sasa juzi mzazi mmoja kamkuta mwanae katoa picha nzuri sana ya miduara na mistari, akamwambia mbele ya wenzie, hujachora wewe hiyo, imechora akili mnemba. Mtoto akanyamaza, akaaga, akaondoka. Na sio huyo mzazi peke yake, walimu nao nawasikia, wateja nao, watu wanachanganya vitu viwili ambavyo ni mbingu na ardhi.

Kwenye akili mnemba unaandika nataka picha ya simba, simba anakuja, imefanyaje huko ndani hujui. Kwenye p5 hakuna simba anayekuja! Una uwanja mtupu, mara nyingi pikseli 400 kwa 400, na usiposema weka duara hapa, upana huu, rangi hii, utabaki mtupu mpaka kesho. Kinachoachiwa kompyuta ni bahati nasibu tu, yaani mtoto anaiambia okota namba yoyote kati ya hii na hii, na hiyo mipaka kaiweka yeye, alafu akiipenda picha iliyotoka anaifungia namba ya mbegu, yaani namba ya kuanzishia ile bahati nasibu, ili kila akifungua irudi ileile. Anatoa picha nyingi, anazitazama, anatupa karibu zote anabaki na moja. Hapo sanaa ndo inapoanza.

Na wala sio mambo ya jana. Mwaka 1965 kule Stuttgart, Ujerumani, Georg Nees alionyesha michoro iliyochorwa na kompyuta kwa kanuni alizoandika mwenyewe, na 1968 akachora miraba safu 12 kwa mistari 22, juu imenyooka imetulia, kadiri unavyoshuka inainama na kusogea mpaka chini kabisa ni vurugu tupu. Lakini ninayempenda zaidi mimi ni mama mmoja, Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Paris, amefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 99. Huyu alianza kutumia kompyuta 1968, ila tangu 1959 alikuwa anafanya kazi hiyohiyo bila kompyuta, anajiwekea kanuni kwenye karatasi na kuzifuata kwa mkono hatua kwa hatua, akasema hiyo ni mashine yake ya kufikirika.

Hebu walimu wa shule zisizo na kompyuta huku kwetu wamsikilize mama huyu. Mpe mwanafunzi karatasi ya grafu, protrakta na dadu ya ludo. Achore miraba mistari kumi, kila mstari miraba kumi. Mstari wa kwanza asiuguse. Wa pili, kila mraba arushe dadu, ikija 4 auinamishe digrii 4. Wa tatu namba ya dadu azidishe kwa mbili, wa nne kwa tatu, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anazidisha kwa tisa na mraba unaweza kuinama hadi digrii 54. Wanafunzi arobaini wamefuata kanuni moja na picha zimetoka arobaini tofauti, hapo mtoto ameshaelewa kila kitu na umeme haujawashwa.

Huku Kigoma mifano ya kanuni kama hizi imejaa. Tazama shina la mchikichi pale makuti yalipokatwa, yale makovu yamejipanga kwa mizunguko, inayopinda upande mmoja ukihesabu ni 8 na ya upande wa pili 13, kwa sababu kila kuti jipya linachipua likiwa limegeuka karibu digrii 137.5 kutoka kwa lililotangulia. Mwambie kijana aweke nukta, kila nukta igeuke digrii hizo na isogee kidogo kutoka katikati, atapata mpangilio kama wa mbegu za alizeti. Abadilishe iwe 136 tu, mpangilio wote unafumuka. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake huwezi kumwambia tena kwamba pembe ni kitu cha mtihani.

Au ile milima ya Kongo tunayoiona ng'ambo ya ziwa. Ukiichora kwa bahati nasibu ya kawaida inatoka imechongoka ovyo kwa sababu kila namba inaruka kivyake, ila kuna kanuni ya Ken Perlin, Mmarekani, ya mwaka 1983, ambayo namba jirani zinakuja zimekaribiana, basi milima inalainika, mawimbi yanatembea, na kanuni hiyo ilimpa tuzo ya Oscar ya ufundi 1997 kwa sababu filamu nyingi zinaitumia. Bwana mdogo wa kidato cha tatu hapa Mwanga anaitumia kanuni hiyohiyo, bure.

Kuhusu bando, maana najua ndo swali la kwanza la mzazi, faili la p5 unalidauniload mara moja, halifiki ukubwa wa wimbo mmoja, unaliweka kwenye flashi na baada ya hapo kompyuta yoyote yenye brauza inachora bila intaneti kabisa. Kwa hiyo zile kompyuta za shule zinazofungiwa ofisini zikisubiri mtandao hazina cha kusubiri.

Kinachobaki kuwa kigumu ni lugha. Tovuti ya p5 maelezo yake yapo kwa Kihispania, Kichina, Kikorea, Kihindi, Kiswahili sijakiona humo, na vijana wangu wengi wanakwama sio kwenye hesabu, wanakwama kwenye kusoma maelezo, mfano programu inapima pembe kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, mpaka uiambie itumie digrii, mtoto anaandika 90 mraba unakaa upande wa ajabu na hajui kwa nini. Sentensi moja tu ya Kiswahili ingemtoa hapo.

Sasa ombi langu kwako mhariri. Ukurasa wa vijana kila wiki una nafasi ya picha, mtenge kona ndogo mchapishe mchoro mmoja wa namna hii pamoja na amri zake na maelezo ya Kiswahili pembeni, mistari kumi na tano inatosha, msomaji aandike na kubadilisha mwenyewe. Michoro ya kuanzia ninayo, vijana wamekubali kuitoa, na ule wa mtoto aliyeondoka siku ile umo.

Mwenye stesheneri,
Mwanga, Kigoma