Kliniki za VVU zipime na miguu

Mhariri,

Mama yangu ana miaka 64 na amemeza ARV kila siku tangu 2005. Virusi havionekani tena kwenye vipimo vya damu yake, namshukuru Mungu. Lakini nikimsindikiza steji hapa Kayole, namwona akishika mlango wa matatu kwa mikono miwili, mguu umegoma kupanda, makanga akipiga bodi kumharakisha.

Kliniki wanampima uzani, presha na kiwango cha virusi. Hakuna aliyewahi kumwambia ainuke kitini mara 5 bila kujishikilia, huku akihesabiwa sekunde. Kipimo hicho kinahitaji kiti na saa tu! Wengi wanaozeeka na VVU huishiwa nguvu za misuli mapema kuliko wenzao, na tenofovir, mojawapo ya dawa za ARV, nayo huweza kupunguza uimara wa mifupa. Akianguka bafuni nyonga ivunjike, tembe hazitamwinua.

Mazoezi ya kujenga misuli husaidia hata uzeeni. Naomba kliniki ziwe na mtaalamu wa tiba ya viungo siku ileile ya kuchukua dawa, maana nauli ya safari ya pili mama hana.

Msomaji wenu,
Kayole, Nairobi