Barua kwa mwanangu aliye Uppsala, Sweden

Mwanangu,

Juzi kwenye simu ulisema "niko poa", kisha ukahamia kunihoji habari za mbwa. Hapo hapo nikajua hauko poa. Dada yako ameniambia tangu mwenzako ahame umebaki peke yako humo ndani, ukitoka maabara ni kitandani. Na Desemba hii, huko kwenu jua linazama hata saa tisa alasiri haijafika!

Unataka nimtoe Simba, eti nimezeeka na ataniletea kichaa cha mbwa. Simba anachanjwa kila mwaka, kadi yake iko kwenye droo ya marehemu mama yako. Hata nikiumwa na mbwa wa watu najua la kufanya: maji na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitali nikachomwe sindano. Hilo lisikunyime usingizi. Kinachoninyima mimi usingizi ni hicho chumba chako.

Tangu mama yako atutoke, anayeniamsha ni huyu mbwa. Akishaanza kukwaruza mlango hakuna kulala tena, tunashuka hadi mferejini na kupanda. Majirani wanacheka, mzee kawa Mzungu, anatembeza mbwa badala ya kumfunga. Wacheke tu. Waliokuwa wakinipita kwa shikamoo ya haraka sasa wanasimama kuuliza anakula nini. Kliniki nako presha imeshuka, ingawa vidonge sijaacha, wala usiende kutangaza kwamba mbwa ni dawa.

Halafu uko hapo hapo kwenye chuo kilichopiga hesabu zenyewe, na mimi wa Moshi ndiye nikusimulie! Mwaka 2017 watafiti wa Uppsala walitoa matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya milioni 3.4 wa Sweden, wenye umri wa miaka 40 hadi 80. Kati ya wanaoishi peke yao, wenye mbwa walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasio naye. Nimefundisha sayansi, kasoro naiona: huenda mwenye afya ndiye anayemudu kufuga. Na wewe 40 hujafika. Lakini tofauti kubwa imeonekana kwa nani? Kwa wanaoishi peke yao, baba.

Sisemi ununue mbwa. Utamfungia ndani mchana kutwa, itakuwa dhambi. Ila yule bibi wa ghorofa ya chini, uliyesema mbwa wake anakubwekea, mwombe umtembezee Jumamosi. Watafiti wa Pretoria waliandika mwaka 2003 kwamba mtu akimpapasa mbwa, oksitosini, ile homoni ya upendo na ukaribu, hupanda mwilini mwa wote wawili. Basi kampapase.

Ukoo mzima hakuna aliyefika ulikofika, na kanisani nakutaja mpaka wananichoka. Lakini shahada haikuulizi umeamkaje. Ukimya huo nao hukuuokota Ulaya, hapa nyumbani tulikuwa tunakula bila neno, najua.

Ng'ombe amezaa, jike. Hela ya mabati ya jiko imefika. Fundi anashikilia geji 30 kwa kuwa ni rahisi, mimi nataka 28 iliyo nene zaidi. Amua wewe, hela ni yako, unijibu kabla ya Jumatatu. Na unitajie jina la mbwa wa yule bibi.

Baba yako