Kabla Hujanunua Stata

Shoga yangu Zuhura,

Hujambo lakini? Sisi huku wazima. Barua yako imefika, nikacheka kidogo kisha nikakuonea huruma. Betri mpya umeshanunua, gari bado limegoma, na sasa fundi anasema stata, ile mota inayozungusha injini ukiwasha, imekufa, ulete hela. Usimpe mtu hela kwanza. Hujaniambia jambo ambalo ningekuuliza mwanzo kabisa: ukiwasha, injini inazunguka au haizunguki?

Hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Ikizunguka kwa nguvu zake za kawaida ila haishiki, waache betri na stata wapumzike, tafuta mafuta au moto wa plagi. Isipozunguka, hata ukibadilisha plagi zote ni kazi bure. Mafundi wengi wa kubahatisha hawaulizi hata hilo, wanaanza tu kufungua vitu.

Nahisi lako halizunguki, maana umeandika kuwa linalia tu. Linaliaje? Kama ni ta-ta-ta-ta ya haraka kama cherehani, umeme ni mdogo: sumaku ya stata inavuta, umeme unaanguka, inaachia, inavuta tena. Ikiwa ni "ta" moja nzito halafu kimya, hapo hata mimi naanza kuishuku stata, ingawa waya mbovu nao huweza kutoa mlio huo huo. Na kama siku nyingine hakuna mlio wowote, weka gia kwenye N badala ya P ujaribu tena. Gari la otomatiki lina swichi inayozuia stata isipige likiwa kwenye gia, na swichi hiyo huchoka.

Jioni washa taa za mbele, mtu akae ndani awashe gari, wewe simama uzitazame. Zikififia hadi kukaribia kuzima, stata inadai umeme na haipati wa kutosha. Zikibaki kali bila hata kutikisika, basi stata haijaguswa na umeme, kwa hiyo mtu aangalie fyuzi, relei (swichi ndogo inayowashwa na umeme), swichi ya ufunguo na ule waya mwembamba unaokwenda kwenye stata.

Sasa njoo kwenye hiyo betri mpya, kwa sababu ndiko ninakokuona umekwama. Kwanza, upya si kujaa. Betri iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kuwa imeshuka. Azima mita ya umeme: gari likiwa limetulia, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 iko kama nusu. Mtu akiwasha gari, isianguke chini ya volti 9.6 hivi.

Pili, waliokufungia walisafisha vichwa vya waya? Shika kila kichwa ukizungushe kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, hakijakaza. Halafu fanya hivi: ncha moja ya mita iguse risasi yenyewe ya betri, ile nguzo, na ncha ya pili iguse kichwa cha waya kilichoikumbatia. Mwenzio awashe. Mita inatakiwa ibaki karibu na sifuri. Ikiruka hadi nusu volti au zaidi, umeme unapotelea hapo hapo kwenye maungio, na stata mpya isingekusaidia chochote. Rudia upande wa hasi, kisha fuata waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Huo ndio waya wa arthi, na kutu yake huwa imejificha huko chini. Ukisafisha, fungua hasi kwanza na uirudishe mwisho.

Yote hayo yakiwa sawa na bado linapiga "ta" moja, mwambie fundi agonge gamba la stata polepole kwa mpini wa spana wakati wewe unawasha, gia ikiwa kwenye P na breki ya mkono juu. Ikizunguka, huenda ni kaboni za ndani, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye stata, zimelika, na mara nyingi hizo hubadilishwa peke yake. Mwulize hivyo hivyo, uone atakujibu nini.

Na kama nimekosea, injini inazunguka ila haishiki, fungua ufunguo bila kupiga stata na utege sikio upande wa tangi. Magari mengi ya petroli yana pampu inayounguruma sekunde mbili hivi. Ila ikizunguka nyepesi na ya mbio kuliko kawaida, acha mara moja. Huenda mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, umekatika, na kuendelea kuzungusha kunaweza kupinda valvu.

Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde kumi, stata huungua. Fungua boneti, urekodi huo mlio kwa simu unitumie, pamoja na namba zote za mita. Fundi mwambie asubiri.

Wasalimie watoto.

Shoga yako,
Mwanaidi