Vumbi Halibaniki

Chang'ombe, Dodoma

Mwanangu,

Habari za huko Dar na masomo? Sisi huku wazima. Mvua zimekwisha, upepo umeanza, na kazi za harusi zinakuja.

Nimepata ujumbe wako kwamba video yako imepokelewa na tamasha la mtandaoni. Hongera sana, mama. Mimi huko niliingia 2020, corona ilipofunga kumbi. Hata Oberhausen, tamasha la filamu fupi la Ujerumani lililoanza 1954, mwaka ule lilifanyika mtandaoni, mwezi Mei. Kwa mtu wa Dodoma anayepiga video za sendofu ili watoto wasome, halafu usiku anahariri mambo yake mwenyewe (mama yako mpaka leo anaziita "zile zilizoharibika"), ule ulikuwa mlango. Huombi viza wala hutafuti nauli.

Ila kazi inayoingia mlango huo siyo inayotokea upande wa pili. Unaikumbuka ile ya vimbunga vya vumbi kule Bahi: kamera iko chini, hakuna mtu, sauti ni upepo na kengele za ng'ombe tu. Kwenye kompyuta yangu ungeweza kuona punje moja moja ikipita kwenye jua. Nilipoifungua kwenye ukurasa wa tamasha, vumbi lilikuwa limegeuka miraba ya kahawia inayotetemeka. Video ikibanwa, yaani faili likipunguzwa ukubwa, kompyuta haiweki kila fremu (kila picha moja ya video) nzima. Inaweka moja, kisha kwa zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Mtu aliyekaa kwenye kiti akiongea anabanwa vizuri, maana ukuta nyuma yake haujahama. Vumbi limehama lote, kila fremu. Mvua ni hivyo hivyo, na majani ya mtama kwenye upepo. Kwa hiyo usiwapelekee faili ulilokwisha kulibana ili kuokoa bando. Wape kubwa kuliko yote wanayoruhusu, maana nao watalibana tena. Pakia usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi.

Waulize pia kama wanafunga kwa nchi. Matamasha mengi yanaruhusu watazamaji wa nchi yao tu, kwa sababu za haki za filamu. Bibi yako, ambaye shamba lake ndilo lililokuwa kwenye video, aliletewa simu, akabonyeza, akaambiwa haipatikani mahali alipo. Aliniuliza: sasa wanaoangalia ni akina nani? Nikaazima projekta ya kazini, nikatundika shuka uani, majirani wakaja. Punje zote zilionekana. Wakabishana ni shamba la nani lililo nyuma ya mbuyu, video ikapita wakiwa bado wanabishana, ikabidi niirudie.

Na usihangaike na idadi ya waliotazama. Ukumbini mtu akichoka utasikia kiti. Mtandaoni anaondoka sekunde ya ishirini na bado anahesabiwa. Ndiyo maana nalipenda zaidi tamasha linaloonyesha kwa saa maalumu kuliko linaloacha kila kitu wazi siku kumi. Nam June Paik, yule msanii wa video mzaliwa wa Korea, tarehe 1 Januari 1984, aliunganisha New York na Paris moja kwa moja kwa setilaiti, na mitambo ikazingua hewani. Lakini waliokuwa wanaangalia walizinguliwa kwa pamoja. Video ya siku kumi kila mtu anaiona peke yake, akila.

Kuhusu ada: hili lako ni la bure, vizuri. Yale yanayotoza dola kila mwezi na kumpa kila aliyelipa nembo ya majani, ile alama ya ushindi ya kubandika kwenye filamu, achana nayo. Wala usiiweke video yako YouTube kwanza. Matamasha mengi huuliza kama kazi imeshaonyeshwa hadharani, na wengine hapo hapo wanakukata.

Jambo la mwisho ni hicho kipindi cha maswali. Umesema ni saa mbili usiku za New York, mwezi wa saba. Kwetu hiyo ni saa tisa usiku. Hakikisha luku haijaisha na simu ina bando la akiba, maana wifi ya hosteli siiamini. Nitumie linki mapema nami nitaamka. Nikikuta imefungwa kwa nchi, uniletee faili lenyewe kwenye flashi ukija likizo, projekta bado ninayo.

Baba yako