Mchujo unaoisha kabla wengi hawajapiga kura

Ndugu Mhariri,

Wachambuzi wanaosema Wamarekani waliwachoka wagombea urais wa 2024 kwa sababu ya uzee tu wanaacha nusu ya habari. Nusu nyingine ni kalenda. Iowa ilifungua kura za mchujo, yaani kura za kila chama kumchagua mgombea wake, Januari 15; kufika Machi 12, Biden na Trump wote walishatimiza idadi ya wajumbe (wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama) wa kuteuliwa. Pennsylvania ilipiga kura Aprili 23, New Jersey Juni 4. Huko walipewa karatasi ya mechi iliyokwisha.

Na Pennsylvania mchujo umefungwa: asiye na chama hapigi. Anayetaka abadili usajili wake siku 15 kabla, na wengi hushtuka muda umepita.

Hasira ilionekana kwenye karatasi zenyewe. Nevada ina kisanduku cha "hakuna kati ya hawa", na Februari 6 kilimbwaga Nikki Haley, mpinzani wa Trump ndani ya Republican, kwa takriban asilimia 63 kwa 30. (Trump hakuwemo, wajumbe waligawiwa siku mbili baadaye kwenye mkutano wa chama. Kura ya bure kabisa!) Michigan, zaidi ya Wademokrati 100,000 walichagua "bila msimamo", wengi kumpinga Biden kwa ajili ya vita vya Gaza. Ilikuwa asilimia 13 hivi, na kanuni ya Democratic inadai 15 ili kupata wajumbe, jimbo zima au wilaya ya bunge. Wilaya mbili zikavuka, wakaambulia wajumbe 2 kati ya 117.

Msomaji wenu,
Mombasa