Michoro ya bodi za saketi ibaki mikononi mwa wanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu wenzangu wa elektroniki, pamoja na vijana wanaojifundisha wenyewe kuunda vifaa, kuhusu programu za bure za kuchorea bodi za saketi, yaani vibao vyenye njia za shaba zinazounganisha vijenzi vya kifaa, ambazo hufunguliwa kwenye kivinjari na kuhifadhi kazi ya mtumiaji katika seva za mbali. Mimi mwenyewe nazitumia darasani na sina nia ya kumzuia mtu yeyote kuzitumia. Ninachotaka ni kwamba mwanafunzi asihesabiwe kuwa amemaliza mradi wake mpaka awe na nakala kamili ya mchoro nje ya akaunti yake ya mtandaoni.

Sababu ya programu hizi kupendwa inaeleweka. EasyEDA, kwa mfano, ambayo asili yake ni Shenzhen nchini China, haidai kompyuta yenye nguvu wala ruhusa ya msimamizi wa maabara. Kivinjari na bando vinatosha. Mwanafunzi huchora saketi, huipeleka kwenye bodi, hupanga vijenzi na njia za shaba, huiachia programu ikague kama kuna njia zilizokaribiana mno, kisha huagiza bodi moja kwa moja kutoka JLCPCB, kiwanda kilichounganishwa na programu hiyo. Kiwanda hicho kimekuwa kikitangaza bodi 5 za tabaka 2, zisizozidi milimita 100 kwa 100, kwa dola 2 za Marekani, bei ambayo bila shaka ni ya kuvutia wateja, maana nauli ya kuzifikisha huku huzidi bei ya bodi zenyewe. Hata hivyo, kwa sisi tuliozoea kuchora njia kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kibao chenye shaba, kisha kukizamisha katika kloridi ya chuma inayoacha vidole vya rangi ya kutu, hayo si mabadiliko madogo.

Lakini huduma ya bure ina mwenyewe, na mwenyewe hubadili mpango anapoona inamfaa. Circuits.io ilikuwa huduma ya aina hii hii, ikimilikiwa na Autodesk ya Marekani. Mwaka 2017 sehemu yake ya kujaribia saketi ilihamishiwa Tinkercad, huduma nyingine ya Autodesk, ila sehemu ya kuchorea bodi haikuhamishwa. Mtu aliyetaka kuendelea na bodi alielekezwa kwenye EAGLE, programu iliyoanzishwa na CadSoft ya Ujerumani mwaka 1988 na kununuliwa na Autodesk hiyo hiyo mwaka 2016. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba EAGLE nayo ingefikia kikomo tarehe 7 Juni 2026, na watumiaji wahamie Fusion, programu yake nyingine. Sisemi kampuni imevunja sheria yoyote. Taarifa ilitolewa mapema, na aliyeisoma aliweza kujiandaa. Nina wasiwasi na yule kijana aliyechora bodi akiwa kidato cha nne, akasahau neno la siri, na hakupata taarifa yoyote.

Nakala ninayoisema si faili za Gerber peke yake, ingawa wengi hudhani zinatosha kwa kuwa karibu kila kiwanda duniani huzipokea. Gerber humweleza mtengenezaji shaba ibaki wapi katika kila tabaka, na faili inayoambatana nazo humwonyesha matundu yatobolewe wapi, lakini hazielezi saketi inavyofanya kazi. Ukitaka kubadili resista moja na kusogeza njia zake, kwa faili hizo utahangaika sana. Kwa hiyo mwanafunzi apakue faili ya asili ya mradi, mchoro wa saketi katika PDF na orodha ya vijenzi, avihifadhi vyote kwenye flashi pamoja na Gerber, na mwalimu avifungue mbele yake kabla ya kutoa alama.

Nakala ya karatasi nayo ina kazi yake. Maktaba za vijenzi za programu za mtandaoni, yaani mikusanyo ya michoro ya vijenzi iliyo tayari kutumika, hujazwa na watumiaji wengi, hivyo huwezi kuamini kila unachokikuta humo. Chukua transista mbili zinazofanana kwa umbo, BC547 na 2N3904. Ukizishika upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, ya kwanza huanza na mguu uitwao kolekta kushoto na kuishia na ule uitwao emita kulia, ya pili ni kinyume chake. Aliyeweka moja mahali pa nyingine maktabani atakuletea bodi nzuri kwa macho, isiyofanya kazi. Mchoro wa bodi ukichapwa kwa ukubwa wake halisi, kijenzi kikalazwa juu ya karatasi na miguu yake ikalinganishwa na maelezo ya mtengenezaji, kosa hilo huonekana kabla fedha haijatoka.

Kwa maabara zenye intaneti ya kusuasua, napendekeza KiCad, programu ya kuchorea bodi inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, iwe kando ya programu za mtandaoni. Ilianzishwa nchini Ufaransa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992, ikapata msaada wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, kuanzia mwaka 2013, na leseni yake inamruhusu yeyote kuinakili na kumgawia mwenzake. Ni nzito kupakua, lakini ikishapakuliwa mara moja flashi moja huhudumia darasa zima. Toleo la 8 la mwaka 2024 linaweza kufungua hata miradi ya EasyEDA, na uwezo wa kufungua ya EAGLE ulikuwapo tayari.

Wapo watakaosema kwamba mradi wa muhula mmoja haustahili usumbufu wote huu. Ningekubaliana nao kama miradi hiyo ingeishia kabatini. Baadhi huuzwa: kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga, au kidhibiti cha pampu ya maji, humfikia mfugaji au mkulima ambaye baada ya miaka michache atakirudisha kikiwa kimeungua, na kijenzi kilichoharibika huenda hakipatikani tena dukani. Hapo fundi atahitaji mchoro, si jina la tovuti. Naviomba vyuo vya ufundi viingize sharti hili la nakala katika fomu zao za kusahihishia miradi, kwenye mstari ule ule unaodai ripoti.

Wako,
Mwalimu wa umeme na elektroniki,
Morogoro